Viti Vyepesi vya Ghorofa ya Tatu

Maneno niliyoyasikia ni haya. Katika majumba mapya ya Kikwajuni, mwanamke mmoja alikuwa akitwanga kisamvu ghorofa ya tatu, kinu kikatoboa sakafu, kikashuka na mchi wake mpaka ghorofa ya pili, kikatua katikati ya sinia ya wali, watu wamekaa wanakula. Niliyasikia kwa watu watatu. Wa kwanza alisema mwenye kinu ni mtu wa Makunduchi. Wa pili akasema la, ni mke wa askari. Wa tatu akasema ule haukuwa wali mtupu, ilikuwa biriani, na waliokuwa wakila ni watu waliokuja kuposa. Hakuna hata mmoja aliyemjua mwenye kinu kwa jina, wala mwenye sinia. Nilicheka mbele yao. Lakini nilirudi nayo nyumbani maneno yale, na nikikuna nazi nayawaza, nikifua nayawaza, nikiweka kichwa kwenye mto nayawaza.

Kina mama wenzangu mnaosubiri funguo za majumba mapya, nakuandikieni nyinyi. Mimi huu mwaka wangu wa tatu nakaa juu. Nakaa vizuri, na mtu akiniambia nirudi kwenye nyumba ya udongo simsikilizi. Lakini lipo kosa nililolifanya, na nililifanya kwa kuogopa kisichokuwepo. Niliitazama sakafu tu, sikutazama pengine. Sasa someni mpaka mwisho, msije mkasema hamkuambiwa.

Nyumba yetu ilikuwa Miembeni. Mtaa ulipopimwa upya ikavunjwa, na sisi tukaandikiwa vyumba viwili na ukumbi, Kikwajuni, ghorofa ya tatu. Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu Muhiddin, mama yake Bi Time, na binti yangu Tabia ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu na nusu. Muhiddin ni seremala. Karakana yake iko Malindi, karibu na bandari, na mbao zake nyingi ni za masanduku yanayoshushwa melini.

Siku ya kuanza kufunga mizigo nikamwendea karakanani.

"Muhiddin, kile kitanda cha mama yangu hakipandi juu."

"Kwa nini hakipandi? Ngazi zile pana, nimezipima mwenyewe."

"Hakipandi kwa sababu mimi sitaki kuamka kwa watu wa chini na shuka zangu."

Akaiweka randa chini. "Wanu, ile ni zege. Ndani mna vyuma. Hata ukipandisha tembo inambeba."

"Kinu si tembo, na kimeshuka."

"Kinu gani?"

Nikamsimulia. Alicheka mpaka akakaa juu ya takataka za randa. "Nani kakwambia?"

"Mashavu."

"Mashavu yule aliyesema redio inasikia tunayoyasema chumbani?"

"Huyo huyo. Lakini na wengine wameniambia."

"Wengine wamesikia kwa nani, kama si kwa Mashavu?"

Nikamwambia tu kwamba samadari ya mama yangu, kile kitanda kinachobebwa na wanaume sita, na kabati la mvule, na lile benchi la ukumbini, vyote viende Paje kwa kaka yangu Jecha, na yeye fundi anitengenezee vyombo vyepesi. Vyepesi kiasi gani? Nikamjibu: kiasi ambacho mimi, na mgongo wangu huu, nikibebe kila kimoja kwa mkono mmoja. Nilitaka nikiisikia sakafu inalia nivikusanye vyote mara moja.

Muhiddin mtu wa ajabu. Ukimwambia fanya kama jana, anasinzia. Ukimwambia jambo ambalo hajawahi kulifanya, macho yanamtoka. Alikaa na penseli sikioni siku nne, hasemi na mtu. Siku ya tano akashika msumeno, na alipomaliza akaniita Kikwajuni nione.

Kwanza alikuwa ametengeneza kitanda kilichoshikwa ukutani kwa bawaba. Usiku unakishusha, mchana unakiinua na kukikaza kwa komeo, na upande wa chini amekipaka rangi na kukichora maua, kwa hiyo kikiinuliwa unaona ukuta wenye picha. Chumba kinakuwa wazi, watu wanaswali humo. Halafu meza ya kula, nayo imekunjwa ukutani, mguu wake mmoja tu. Lakini kitu alichokipenda mwenyewe kuliko vyote ni viti. Havikuwa viti kama mnavyovijua. Yalikuwa masanduku ya plaiwudi yasiyo na kitako, sita, ya vimo vitatu: makubwa mawili, ya kati mawili, madogo mawili. Mbao zimeumana meno, hapana msumari. Kila moja limetobolewa mahali pa kupitisha vidole. Wakija wageni, yanasimama sita na mito ya sufi juu yake. Wageni wakiondoka, dogo linaingia ndani ya la kati, la kati ndani ya kubwa, na ukumbi wote unabakia wazi. Ukiyapanga ubavu kwa ubavu, benchi. Ukiyalaza moja juu ya jingine, rafu ya vyombo. Rangi ilikuwa ya melini, buluu na manjano.

"Linyanyue," akaniambia.

Nililinyanyua lile kubwa kwa vidole viwili. Nikalizungusha. Nikasema, "Haya ndiyo niliyokuwa nikiyataka."

Na kweli ndiyo. Sitaki mtu asome hapa aseme Muhiddin alifanya kazi mbovu. Watu walikuja kutoka Kilimani kutazama. Mashavu mwenyewe alikuja, akasimama mlangoni na buibui lake, hakuthubutu kuingia.

"Shoga, vyombo viko wapi?"

"Vimo humu humu."

"Mbona sivioni?"

Nikaishusha meza. Nikashusha na kitanda. Nikatoa masanduku, moja ndani ya moja, kama mtu anayemenya kitunguu.

"Audhubillahi," akasema Mashavu. "Mchana havipo, usiku vinatokea. Na unalala humo, shoga?"

"Nalala, tena nakoroma."

Aliyekuwa hana raha ni Bi Time tu. Mama mkwe wangu hakutaka kitanda cha maua wala meza ya mguu mmoja. Alitaka baraza. Miembeni alikuwa akikaa barazani kuanzia alasiri hadi magharibi, na kila anayepita lazima aseme anakwenda wapi na kwa nini. Hapa juu akawa anazunguka ukumbini kama kuku aliyehamishwa banda.

"Mwanangu Muhiddin, umenipandisha juu niwe bundi? Nitajuaje nani kazaa na nani kaachwa?"

Muhiddin akayachukua yale masanduku mawili makubwa akayapeleka roshanini, akayaegemeza kwenye ukuta wa mbele. Bi Time akakaa juu yake, kiwiko kimetua juu ya ukuta, uso wote uko nje. Mara anasikia kutoka chini:

"Shikamoo, Bi Time!"

"Marahaba! Gharib huyo? Sikuoni vizuri lakini sauti ni yako. Mkeo hajambo? Bado hajarudi kwao?"

Jengo zima likacheka, Gharib akakaza mwendo. Kuanzia siku ile wazee wengine wakataka hivyo hivyo. Kila roshani ikawa na baraza lake: huku kigoda, kule benchi, kwingine sanduku la sabuni. Tulijiona tumeuhamisha mtaa wetu na kuupandisha juu. Hakuna hata mtu mmoja, mimi wa kwanza, aliyeutazama ukuta ule akajiuliza una kimo gani mtu akisimama juu ya baraza. Ukuta wenyewe haukuwa na kasoro. Nikisimama sakafuni ulinifika kifuani. Waliojenga walijenga kwa ajili ya mtu anayesimama sakafuni.

Sasa nikwambieni habari za Tabia.

Mwanangu nilimlea kwa adabu, na sioni haya kulisema. Akiitwa, haitikii "nini" wala "ee". Anaitikia "naam", na akishaitika anakuja. Hapigi kelele kutoka alipo. Anafuata sauti ya aliyemwita, anasimama mbele yake. Na akimwona mkubwa amebeba kitu, anampokea, hata kama kile kitu ni kikapu kinachomshinda, hushika mpini mmoja akajikaza. Miembeni nilikuwa nikirudi sokoni, nikifika kona ya duka la nazi naita mara moja tu, "Tabia!", na kabla sijamaliza hatua kumi yuko miguuni pangu, mikono juu: "Nikupokee, mama." Majirani walikuwa wakiwapiga mfano watoto wao.

Tulipohamia juu sikubadilisha kitu. Narudi Darajani, nafika uani, nainua uso naita. Si mimi peke yangu. Saa kumi ya jioni ua wote ulikuwa majina matupu, kina mama chini, watoto juu. Tabia alikuwa akiitika "naam" na kukimbilia roshanini, maana sauti inatoka huko. Lakini alikuwa mfupi, haoni kitu. Nilikuwa nasikia vidole vyake vinakwaruza ukuta. Nacheka, napanda zangu ngazi.

Halafu Muhiddin akamfundisha mchezo. Alimwekea lile sanduku dogo, akafuatishia la kati, akamalizia kubwa. "Hii nini?" Tabia akatazama. "Ngazi!" Akapanda, akashuka, akapanda. Kisha akayachanganya na kuyapanga mwenyewe, bila ya kusaidiwa. Hayakuwa na uzito, alikuwa akiyasukuma kwa tumbo. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nachambua mchele. Mnajua nilifanya nini? Nilipiga makofi. Nikamwita Bi Time aje aone mjukuu wake fundi.

Ilikuwa Alkhamisi, alasiri imeshaswaliwa. Nimetoka Darajani na kikapu cha samaki changu, nyanya na ndimu. Nikafika uani, nikainua uso kama kawaida yangu.

"Tabia ee!"

"Naam!"

Nikainama kulirekebisha buibui. Nilipoinua tena macho niliona kichwa chake. Nikafurahi! Wallahi, kitu cha kwanza nilichokihisi ni furaha, kwamba leo mwanangu ananiona. Halafu kikatokea kifua. Halafu tumbo. Ndipo nikafahamu amesimama juu ya nini.

"Nakuja kukupokea, mama!"

Akanyoosha mikono yote miwili kuelekea chini, kuelekea kikapu.

Nikainua mkono kumzuia. "Subiri!" Yeye akadhani namkabidhi. Akazidi kuinama, na mguu mmoja nikauona unapanda juu ya ukuta, goti limetua. Mtoto alikuwa akifanya yale yale niliyomfundisha, na alikuwa akiyafanya vizuri. Nimemwita, anakuja. Nimebeba, anapokea. Nikamtazama nikaona kwamba kila nitakachokifanya pale chini kitamvuta kwangu. Nikimwita, atakuja. Nikilia, atakuja upesi zaidi. Nikimwambia rudi, sauti yangu inatoka chini, na yeye amefundishwa kuifuata sauti.

Roshani ya pili yake, Mwanamkasi alikuwa akianika nguo. Ndiye jirani yetu wa mlango kwa mlango. Aligeuka akamwona Tabia, na mdomo wake ukafunguka kupiga ukelele. Nikaweka kidole mdomoni. Nikamwonyesha kwa mkono, kule ndani, mlangoni. Mara mbili. Mwanamkasi akaiangusha nguo aliyoishika na kuingia ndani.

Nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia watu wananiuliza nilipata wapi moyo. Nilikitia kikapu ndani ya buibui, nikakikumbatia kifuani. Kisha nikamgeuzia mwanangu mgongo. Nikatembea, sikukimbia, nikaingia chini ya jengo penye ngazi, mahali ambapo hawezi kuniona. Nilijificha. Mwanangu yuko juu ya ukuta, na mimi nimejificha asinione.

Nikasikia juu, "Mama? Mama uko wapi?"

Sikuitika. Niliushika ukuta kwa mikono miwili, kucha zikaingia kwenye chokaa.

Hayo ya ndani alinisimulia Mwanamkasi baadaye. Mlango wetu haukuwa na komeo. Bi Time alikuwa jikoni, na stovu inavuma, hasikii hata angeitwa na malaika. Mwanamkasi aliinyakua sufuria yetu mezani akasimama pale pale mlangoni, hakuenda mbio roshanini, maana aliogopa mtoto asije akashtuka. Akaita kwa sauti ya kawaida:

"Tabia!"

"Naam!"

"Njoo unipokee, mwanangu, mzito huu."

Anasema mtoto alimtazama yeye, akatazama chini. Akatazama tena chini. Chini hapakuwa na mtu wala kikapu.

"Mama kanita."

"Mama kashaingia. Mie ndo nnakuita. Nipokee, mkono unauma."

Akalitoa goti ukutani. Akashuka sanduku kubwa. Akashuka la kati. Akashuka dogo. Akaja mlangoni, akatia mikono chini ya sufuria tupu na kusema, "Nakupokea, bi Mwanamkasi."

Mimi nilikuwa kwenye ngazi. Sijui nilizipanda vipi, kiatu kimoja kilibakia ghorofa ya kwanza. Nilipofika mlangoni niliwakuta wote wawili wamekaa sakafuni, Mwanamkasi kamkumbatia mtoto na sufuria yake, analia, na Tabia anamfuta machozi kwa ncha ya kanga. Akaniona.

"Mama, kikapu kiko wapi? Nilikuwa nakuja kukupokea."

"Nimekiacha chini, mwanangu. Umefanya vizuri," nikamwambia. "Umefanya vizuri sana." Maana alikuwa amefanya vizuri, na sikuweza kumpiga kwa kutii.

Bi Time akatoka jikoni na mwiko. "Mna nini? Kuna msiba?"

"Hapana, mama," nikasema. "Hapana msiba. Zima stovu uje ukae."

Muhiddin alirudi kabla ya magharibi, akakuta masanduku yake yote sita yako ukumbini na mimi nimekaa juu ya moja. Nilimsimulia bila ya kupunguza. Aliinuka, akaenda kuchukua shoka.

"Unakwenda wapi na shoka?"

"Nayapasua. Yote. Kesho kuni."

"Kaa chini, Muhiddin."

"Nimemjengea mwanangu ngazi ya kufia, unaniambia nikae?"

"Kaa. Masanduku wewe uliyafanya mepesi kwa sababu mimi niliyataka mepesi. Na mimi niliyataka mepesi kwa sababu ya kinu cha Mashavu. Na kumwita mtoto kutoka uani ni mimi. Ukianza kupasua, utapasua na nani? Nambie, mbao hizi zina kosa gani?"

Akafikiri. Fundi ukimwuliza habari za mbao lazima atafikiri. "Hazina kosa. Zimewekwa mahali pabaya."

"Na nini kingine?"

"Na hazina uzito."

"Haya. Na hayo mawili yana dawa."

Bi Time alikuwa akiitazama roshani. Kisha akasema, "Na mimi sikai tena kule. Nisipojua nani kaachwa sitakufa."

Kesho yake Muhiddin hakwenda Malindi. Aliyaunganisha masanduku manne yakawa benchi moja refu, akaliweka ukumbini kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, akalifunga ukutani kwa skrubu ndefu. Yale mawili yaliyobaki akayatia kitako na kuyajaza mchanga, na juu yake akaweka kifuniko. Jaribu kulisukuma moja leo: mimi mwenyewe siwezi. Kuna mtu aliyeniuliza kama siogopi sasa kwa sakafu. Nikamwambia aje aruke, na yeye ana mwili. Aliruka. Kikombe hakikutikisika.

Roshanini tukaacha mkeka tu. Baraza la Bi Time likahamia chini, penye mlango wa jengo, kwenye kivuli. Muhiddin na Gharib na wanaume wengine wawili walilijenga kwa mawe na saruji, likazunguka mti mmoja mdogo, na wazee wa jengo zima wanakaa hapo. Bi Time sasa anawapata watu wote, wanaotoka na wanaoingia, hakuna wa kumpita kwa kukaza mwendo.

Lililobaki lilikuwa la kuita. Adabu ya mtoto sikutaka kuivunja. Nilimwambia Muhiddin: mimi sitamfundisha mwanangu asiitike. Wewe tafuta njia sauti yangu itoke mlangoni.

Akakaa tena na penseli yake. Alichokitoa ni hiki. Alichukua kopo la maziwa, akatia vijiwe vitano, akalitundika ndani, juu ya mlango wetu. Akalifunga kamba ya nazi, akaipitisha kwenye tundu dogo la juu ya kizingiti, ikashuka katikati ya ngazi mpaka chini, na mwisho wake akaupa kishikio cha mti, chenye rangi ya buluu. Nikifika chini naivuta mara mbili. Juu kopo linalia mlangoni, Tabia anasema "naam" na kukimbilia mlangoni, na mlango sasa una komeo la juu ambalo hufunguliwa na mkubwa. Mwezi haukwisha, ngazi zetu zilikuwa na kamba tisa. Mwanamkasi yake ina njuga za mguu, za ngoma. Wa ghorofa ya pili wametia vifuu. Kila mtoto anaijua sauti ya kwao. Uani saa kumi siku hizi kimya, lakini ukisimama kwenye ngazi utadhani pana harusi.

Watu wa majengo mengine wanakuja kumwuliza Muhiddin awafungie. Anawafungia, ila kwanza mimi hupanda nao mpaka kwao, nikatazama roshani. Nikikuta kigoda, nakitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Wapo walionuna. Mmoja aliniambia, "Bi Wanu, wewe mkaguzi wa wapi?" Nikamwambia wa ghorofa ya tatu, na kigoda chake nikakishusha.

Basi haya ndiyo ya kujiepusha nayo. Nimeyaandika moja moja ili hata aliyechoka ayasome.

Usiweke kitu cha kukalia roshanini: si kiti, si kigoda, si kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, si ndoo iliyopinduliwa, si sanduku la sabuni. Hata kwa siku moja ya wageni.

Usiweke kitanda wala benchi chini ya dirisha.

Usikae na kiti ambacho mtoto mdogo anaweza kukisukuma. Kifunge ukutani au kijaze mchanga.

Usimfundishe mtoto kupanga vyombo kama ngazi, na akijifundisha mwenyewe usimpigie makofi.

Usimwite mtoto ukiwa uani. Vuta kamba, au panda.

Usimwonyeshe mtoto aliye juu mzigo wako.

Ukimkuta ameshapanda, usipige ukelele, usitaje jina lake, usiinue mkono. Ondoka machoni pake, na mwengine amwite kutoka ndani, kwa sauti ya kila siku.

Usimwachie mtoto mtu anayepika kwa stovu. Hasikii.

Usiache mlango wa roshani wazi kwa ajili ya upepo kama hakuna mkubwa aliyekaa ukumbini.

Usianike mito juu ya ukuta wa roshani. Ikianguka, mtoto huitazama ilikokwenda.